Katete Aliyejipaka Ute Ili Amezwe

Nasema paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa pimbi kavimba pua.

Kaumwa na nyuki?

Tulieni basi, niwaambie.

Hapo kale pimbi mmoja alikuwa akiota jua juu ya jabali, katulia, anatafuna majani. Alijiona yuko peke yake. Kumbe ndani ya mwili wake mlikuwa na mji mzima, na mji ule ulilindwa na askari weupe wa damu. Aliyewazidi wote kwa umbo aliitwa Bugia. Kazi yake ilikuwa kumeza maadui. Akiona kijidudu, anameza, gubu. Akiona kipande cha mwiba ngozini, anameza, gubu. Haulizi jina, haulizi kitokako, gubu.

Mji ulikuwa na sheria yake. Askari akishameza adui, lazima atundike mabaki mlangoni, ili Bi Doria ayaone. Bi Doria alikuwa mkaguzi. Alipita mlango kwa mlango akinusa yale mabaki, na akinusa ya adui mkaidi, alimpa askari pilipili. Pilipili ile ikishuka tumboni, chochote kilichobaki hai humo kinaungua.

Siku moja usubi alitua puani kwa pimbi, akadunga, na mate yake yakamshusha Katete. Katete alikuwa kijidudu chembamba chenye mkia mrefu. Wenzake walioshuka naye wakatafuta pa kujificha, wakashikwa njiani. Yeye akasimama akafikiri. Mji huu una macho kila pembe. Pasipo na macho ni mahali pamoja tu, ndani ya tumbo la askari.

Sasa, askari walikuwa na ute wao, wanawapaka maadui ili washuke kooni vizuri. Katete akautafuta ute ule, akajipaka mwenyewe, kichwani, ubavuni, mpaka mkiani. Kisha akaenda kwa Bugia.

"Shikamoo, mjomba."

Bugia alisikia harufu tu. Hata marahaba hakuitikia. Gubu.

Tumboni mle mlikuwa na giza. Kila askari ana kifuko cha maji makali, nacho hufunguka, chwaa, kikamwagia aliyemezwa. Katete akauwahi mdomo wa kifuko, akaukalia. Mkia wake ukakatika ukabaki kooni kwa Bugia, wala hakuusikitikia. Akajikunyata duara kama punje ya ulezi. Maji makali yakapenya tone kwa tone, naye akayazoea tone kwa tone, mpaka akawa anayaoga.

Likabaki jambo la mabaki. Bugia aliutoa ule mkia kooni, akainuka akautundike mlangoni. Ndipo aliposikia sauti chini ya kifua chake.

"Bugia, unapeleka wapi hicho?"

"Nani anasema?"

"Mimi tumbo lako."

Bugia akashangaa, akauliza tumbo limeanza lini kusema.

"Tangu uliponilisha kitu cha maana. Mkia ndio mnofu, nawe unauanika nje walambe wengine. Urudishe."

Bugia alikuwa mlafi, na maneno ya namna hiyo humwingia mlafi upesi. Akaumeza mkia. Tangu siku ile hakutundika tena kitu.

Katete akajigawa, wakawa wawili. Wawili wakajigawa, wakawa wanne. Wakaendelea hivyo hivyo mpaka wakaanza kugombania pa kulala. Bugia akanenepa, akadhani ni afya. Akawa anatembea kashika kiuno, anawauliza wenzake kwa nini wamekonda.

Bi Doria akapita, akakuta mlango mtupu. Akauliza kama amekula. Bugia akasema hajala tangu juzi. Bi Doria akautazama mwili ule, akauliza kitambi kimetoka wapi. Tumbo likamnong'oneza Bugia, naye akajibu kama alivyoambiwa.

"Nimejaa majukumu, dada."

Mkaguzi haruhusiwi kuingia tumboni mwa mtu. Bi Doria akaondoka na pilipili yake.

Bugia akazidi kuvimba. Ngozi ikamkaza, pumzi zikawa fupi, akaingiwa na hofu. Akaliuliza tumbo, kwa unyonge, kama ni lazima kula tena. Likamwambia amalizie tonge moja tu. Akalimalizia. Paa. Bugia akapasuka, na huo ndio ukawa mwisho wake.

Katete na wanawe wakamwagika. Askari majirani wa Bugia hawakuuliza kilichomuua mwenzao. Wakakimbilia, gubu huku, gubu kule, na kila tumbo likaanza kusema. Huku nje pua ya pimbi ikavimba kama kiazi, mkewe akahamia jabali jingine.

Lakini Bi Doria alipofika pale Bugia alipopasukia, alikuta magamba ya wana wa Katete yametapakaa. Akanusa moja tu. Akapiga baragumu, akagawa pilipili kwa kila askari, bila kuuliza nani kala nini. Askari wakatokwa machozi, matumbo yakanguruma, ngururu ngururu, na wana wa Katete wakaungua pua nzima. Uvimbe ukashuka, likabaki kovu.

Aliyesalia bila pilipili ni Mzee Mkunde, askari mkongwe aliyeomba asamehewe kwa kuwa ana vidonda vya tumbo. Bi Doria akamhurumia, akageuka aende zake.

"Mungu akubariki, shangazi," likasema tumbo la Mzee Mkunde.

Bi Doria akasimama. Hajawahi kuombewa dua na tumbo. Akaenda akaleta kigoda, akakiweka mlangoni pa mzee, akakaa, pilipili mapajani. Katete, ambaye mzee alimmeza siku Bugia alipopasuka, akajikunyata mle ndani. Mpaka leo hajatoka, na mpaka leo Bi Doria hajaondoka. Lakini kijidudu chochote cha ukoo ule kikishuka tena kwa pimbi yule, Bi Doria anakijua kabla hakijakanyaga chini.

Hadithi hii inatufunza kwamba mtu asionyeshe mabaki yake, alisikilize tumbo lake, na chakula kikimwamkia akimeze upesi kisije kikabadili nia. Bugia aliyashika yote hayo, na mmeona alikofika.

Nami nimefika. Kama ilikuwa tamu, imezeni. Kama ilikuwa chungu, mtemeeni aliyeketi kushoto.