Zimwi na Mashimo ya Nasambu

Paukwa! Itikieni polepole, maana hata mimi msimulizi nimechoka.

Alikuwako mjane, jina lake Nasambu. Shamba lake lilizungukwa na alizeti pori, ule mmea wa maua ya manjano na majani machungu. Kila msimu aliyakata majani kabla mmea haujachanua, akayafukia kwenye mashimo ya mahindi ili udongo upate nguvu.

Jioni moja zimwi likaruka uzio. "Mama, nimekuja kukutafuna."

"Nitafune, baba, lakini mashimo yangu hayajajaa. Njoo kesho."

Kesho yake likaja, mashimo hayajajaa. Siku ya tatu likaja asubuhi na njaa yake, hayajajaa.

"Nipe hilo panga!"

Likakata, likabeba, likafukia. Kwa kila shimo likanywea kidogo, hadi likatoshana na mbuzi. Nasambu akaketi, mara ya kwanza tangu amzike mumewe.

"Mama," zimwi likahema, "kazi hii huifanya peke yako?"

"Kila msimu."

Likamtazama mikono iliyoota sugu za kazi, likamtazama shingo iliyobaki mifupa. "Basi mimi nimechelewa. Aliyenitangulia hakusaza kitu."

Likaenda zake. Hadithi yangu imeketi hapo. Nasambu yeye alishainuka.