Nahodha wa Pointi Nne

Mbacha ni mkeka uliochakaa: kingo zimechanika, rangi imepauka, na mgeni akibisha hodi unausukuma chini ya kitanda. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, lakini huu wa methali si wako. Unapita tu begani mwa mwenyewe, unaelekea kwingine. Wahenga walipotuonya tusiuache wa kwanza kwa kuutamani wa pili, walijua jinsi jicho la binadamu linavyopenda kipya. Kocha wa timu ya Reli naye aliijua methali hiyo. Shuleni aliwahi kupata kumi kwa kumi kwa kuieleza. Ila kujua methali si kuifuata, na laiti alama za mtihani zingekuwa kinga, kocha yule asingekiona kilichomtoa kanga manyoya.

Reli ilikuwa timu ya mpira wa kikapu ya wastani, haitishi wala haichekeshi. Misimu minne mfululizo ilimaliza ya saba kati ya timu kumi na mbili. Uwanja wake wa ndani uliwahi kuwa karakana ya mabehewa, na paa lake lilikuwa na vioo vilivyofifia kwa vumbi la miaka. Alasiri jua lilipopenya humo, mwanga ulishuka polepole na kutua juu ya mbao za sakafu, mweupe kama maziwa. Ilikuwa shida mtu kuingia mle saa hizo asianze kuota akiwa macho.

Kocha alikuwa bingwa wa ndoto hizo. Alikaa kwenye benchi, mikono juu ya kitambi, akaiona Reli miongoni mwa timu nne za juu, zile zinazoingia kwenye mchujo wa ubingwa. Alisikia watu wakimwimba. Alijiona akinyanyuliwa juu juu na wachezaji, yeye na kitambi chake. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na aliogopa kustaafu akiwa wa saba.

Nahodha wake alikuwa pia shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamume wa miaka thelathini na sita ambaye goti lake la kushoto halikuwahi kuonekana bila bandeji. Wenzake walimwita Fundi Saa, kwa sababu pasi yake haikutangulia wala haikuchelewa. Kufunga, hakufunga sana. Wastani wake ulikuwa pointi nne kwa mchezo, na siku akifika sita wenzake walimtania kwamba leo babu kala uji wa nini.

Kazi yake yenyewe ilianza mazoezi yalipokwisha. Hapo aliwabakiza vijana watatu aliowalea tangu wajiunge na timu, akawaambia wasimame mbalimbali uwanjani na kufumba macho. Aliyetaka mpira alipiga kofi moja. Mwenye mpira, naye kafumba macho, aliurusha kule kofi lilikotoka. Siku za mwanzo walirudi nyumbani na pua zilizovimba. Msimu wa pili makofi yakapungua, kisha yakaisha kabisa. Mpira ulitoka mkono huu ukaingia mkono ule, kimya, chini ya ule mwanga wa maziwa, kama watu wanne wanaoota ndoto moja.

"Shemeji, huu si mchezo wa watoto?" Kocha alimuuliza siku moja.

"Ni wa watoto, ndiyo," Fundi Saa alicheka. "Lakini nipe msimu mmoja tu. Hawa wanakaribia kuiva, utakuja kuniambia."

Msimu huo hakuupewa. Wiki mbili kabla ya ligi kuanza, katibu wa klabu aliingia ofisini akihema kama aliyefukuzwa na nyuki. Mfungaji maarufu aliyeitwa Umeme, aliyekuwa akifunga pointi thelathini kwa mchezo, alikuwa amemaliza mkataba ng'ambo na hakuwa na timu.

"Kocha, wanasema ng'ombe wa maskini hazai," katibu alisema. "Wetu kazaa pacha! Yuko tayari kuja. Ila anataka nafasi ya Fundi Saa, na orodha yetu imeshajaa watu kumi na wawili. Mmoja atoke." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Halafu kuna kipengele. Timu kubwa ikimwita, anaondoka wakati wowote."

Kocha hakukisikia vizuri hicho kipengele. Mbele yake ilikuwa karatasi ya takwimu, na katika karatasi ile aliona thelathini upande mmoja na nne upande wa pili. Pasi isiyosubiri kofi haikuwa na safu yake.

Jioni alimweleza mkewe, aliyekuwa akipiga pasi sare za watoto. Mama huyo hakuinua macho.

"Baba watoto, huyo mgeni aliwahi kukaa wapi zaidi ya msimu mmoja?"

"Hajawahi."

"Haya."

"Haya nini?"

"Haya basi. Timu ni yako. Ila mdogo wangu umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Usimtume katibu."

Akamtuma katibu, na barua mkononi. Alijiambia kwamba barua ni utaratibu wa klabu, lakini ukweli ni kwamba aliona haya. Kesho yake Fundi Saa alikuja kuchukua viatu na taulo lake. Nje ya mazoezi na mechi hakuwahi kumwita vingine ila shemeji; siku ile alimpa mkono na kusema, "Asante, Kocha." Neno lile lilimchoma Kocha kuliko tusi.

Ligi ikaanza, na kwa kweli ilikuwa ndoto. Umeme aliruka na kukaa hewani muda ambao watu wengine wangepiga chafya na kuomba radhi. Reli ilishinda michezo tisa kati ya kumi ya mwanzo. Kinyozi wa Kocha alikataa kumsubirisha kwenye foleni, walimu wa watoto wake walimsalimu kwa mikono miwili, na karakana ilijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Kwenye kona za uwanja wale vijana watatu walisimama mikono wazi wakingoja mpira. Haukuja. Mchezo baada ya mchezo mikono ikashuka, mpaka ikaning'inia tu. Kocha aliyaona hayo yote, lakini mtu akiwa usingizini huona mambo asiulize.

Aliamshwa Jumanne moja asubuhi. Kabati la Umeme lilikuwa wazi na tupu, na katibu alisimama kando yake akiitazama simu.

"Kaitwa," alisema. "Kashaondoka."

Michezo kumi na miwili ilibaki. Reli ilipoteza wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vijana walikuwa na nguvu na kasi, ila mpira ukiwafikia waliushika kama kitu cha watu, wakatafuta wa kumrudishia. Dirisha dogo la usajili lilikuwa bado halijafungwa, na Kocha akameza aibu yake akaenda kwa Fundi Saa. Alimkuta sebuleni, goti limewekewa barafu. Timu ya Posta, iliyokuwa ikiburuza mkia, ndiyo iliyomchukua.

"Shemeji, nimekosa," Kocha alisema hata kabla ya kuketi. "Ningekuja mwenyewe siku ile. Rudi nyumbani."

Fundi Saa alimjibu kwa sauti isiyo na hasira.

"Kosa hilo nimeshalisamehe. Dada yangu hakunilea kuwa na kinyongo. Lakini Posta walinichukua nikiwa sina pa kwenda, shemeji. Nikiwaacha leo kwa sababu umeniita, mimi na Umeme tutatofautiana nini?"

Kocha alikunywa maji aliyopewa, akaaga.

Reli ikajikokota hivyo hivyo, leo ikishinda kwa tundu la sindano, kesho ikipigwa. Mpaka siku ya mwisho timu nne zilikuwa zimebanana kwa nafasi ya nne, na Reli ilikuwa mojawapo: ikishinda inaingia mchujo. Wageni walikuwa Posta.

Ilikuwa alasiri, na ule mwanga ulishuka kama kawaida. Fundi Saa aliingia akichechemea na kufunga pointi mbili tu. Lakini wachezaji wa Posta, watu ambao msimu uliopita hawakujua hata kujipanga, walipasiana bila kutazamana, na mpira ukapita katikati ya Reli kimya kimya. Kocha aliutambua ukimya ule. Moyo ulimwuma, na akajikuta akimshangilia shemeji yake kwa ndani huku akiangamia. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Reli ikiwa nyuma kwa pointi moja, mpira ulimfikia Twiga, aliyekuwa mrefu kuliko wote katika wale vijana watatu. Wenzake wawili walikuwa wazi kabisa. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akaukumbatia mpira kifuani. Kipenga kikalia akiwa bado ameukumbatia.

Zile timu nyingine tatu zilishinda siku hiyo, na Reli ikamaliza ya saba. Kocha alijifariji. Ya saba tulikuwa, alijiambia, na ya saba tumebaki. Vijana ninao, nitaijenga timu upya kwa hawa watatu, nitawafundisha mwenyewe ule mchezo wa kufumba macho. Alikuwa ameshatoa daftari aanze kupanga msimu mpya, watu wakingali wanatoka, wale vijana waliposimama mbele yake na mabegi mabegani. Mikataba yao ilikuwa imekwisha siku hiyo.

"Kocha, tumekuja kuaga," Twiga alisema. "Tunakwenda Posta."

"Posta? Wa kumi na moja wale?" Kocha alishtuka. "Wanangu, mimi ndiyo kwanza nataka kujenga timu kwa ajili yenu!"

Kijana aliinamisha kichwa. Alimpenda Kocha, na machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Tunajua, Kocha. Lakini Umeme mwingine akitokea kesho?"

Kocha alifungua mdomo ili aape kwamba hatamchukua. Akajaribu kweli. Kisha aliwatazama wale watoto watatu, akaona kwamba wanamjua kuliko anavyojijua, na akawapa mkono mmoja mmoja, akiwatakia heri. Walipotoka alibaki peke yake na daftari lenye ukurasa mweupe, Umeme hayupo, Fundi Saa hayupo, na vijana wa kuanzia hawapo. Hakika, usiache mbachao kwa msala upitao.