Madirisha ya Sultani Haidari

Hapo zamani, ila si zamani sana kwa kuwa plastiki ilikuwa imekwisha kuzaliwa, palikuwa na seremala fukara, jina lake Ngwali, aliyemiliki nyundo moja na ulimi usiojua kunyamaza. Siku moja akasema sokoni kwamba uchafu wa baharini hutoka jumbani kwa Sultani Haidari. Maneno yakafika yalikofika, basi akaitwa.

"Ewe Ngwali," akasema Sultani, "kila nifunguapo dirisha naona chupa na mifuko ikielea. Maadamu wewe ni mjuzi, nakupa siku tatu. Nisiione tena plastiki baharini, hata kifuniko. Nikiiona, utahama mji huu wewe na mkeo, wala hamtarudi."

"Nimesikia, bwana wangu. Amri ni usiione?"

"Ndiyo hiyo."

Ngwali akarudi kwake roho mkononi, maana mkewe, Mize, alikuwa mja mzito. Siku mbili wakaokota ufukweni hata migongo ikakataa kunyooka. Ikawa kila maji yakijaa huleta maradufu ya walichotoa. Siku ya pili alasiri wakawaona watumishi wa jumba wakimwaga baharini magunia ya chupa, kwa mlango wa nyuma.

Mize akaketi mchangani. "Tufungashe vyombo, mume wangu."

"Ngoja kwanza nikaazime mbao," akasema Ngwali.

Siku ya tatu Sultani alipotoka msikitini akakuta sebule yake giza totoro. Madirisha yote ya upande wa bahari yamepigiliwa mbao. Walinzi walikuwa wamempisha Ngwali, kwani alisema anatimiza amri ya Sultani, wala hakusema uongo.

"Nini hiki?" akamuuliza Ngwali, aliyekuwa bado ameshika nyundo.

"Uliamuru usiione, bwana wangu. Je, unaiona?"

"Mpumbavu wewe, kuziba dirisha kumeiondoa baharini?"

"Sijui, bwana wangu. Niliwaona watu wako wakiitupa kwa mlango wa nyuma, nikadhani humu jumbani kitu kisichoonekana huwa kimekwisha."

Waziri akashika ndevu, akingoja upanga uitwe. Kicheko kikamtoka Sultani, nacho kikaishia katika aibu. Akaamuru mbao zing'olewe madirishani zikapigiliwe mlango wa nyuma, na Ngwali apewe ujira wa kazi zote mbili.

Kesho yake watu wakamwona Sultani ufukweni, kanzu kaikunja magotini, akiokota chupa. Nyuma yake akaja Mize, taratibu, mkono kiunoni.

"Umeruka moja, bwana wangu," akasema.

Sultani akarudi, akainama.