Nguchiro, Fisi na Gari Lisilo na Sauti

"Ngano niwape, nisiwape?"

"Tupe!" ua mzima ukaitika. "Ila toka kwanza kwenye mchicha wa watu!"

Haya, hakuna siri tena. Mimi niliyelala viwanja vya ndege vya mabara manne, leo nimeketi ndani ya gari la umeme la mgeni, nikingoja lingurume. Halikunguruma. Nikadhani halijawaka, nikakanyaga mafuta kulichokoza. Vuuu! Matuta mawili ya mchicha chali. Shangazi Siwatu yule pale, jembe mkononi, anangoja neno langu. Neno langu ni hili.

Hapo zamani, wala si zamani sana, Fisi alikuwa na kiwanda cha magari ya umeme. Magari mazuri! Hayana moshi, hayana kelele. Twiga aliyachora, nyumbu mia waliyaunga, Kobe alikuwa mkuu wa breki. Nguchiro, mdogo kuliko wote, kazi yake ilikuwa moja: kila jioni aburute waya, ayachaji. Saa sita kengele ikilia ngo! ngo! ngo! wote huketi kula ugali na maharage, kila mmoja na sahani yake.

Fisi akiziona zile sahani, mate chururu.

Siku moja akawaita nyumbu hamsini. "Nawapenda sana. Nendeni." Wakaenda, puku, puku, puku. Sahani hamsini akazikumba yeye, nyam, nyam, nyam. Kesho yake akawaita hamsini waliobaki. "Nawapenda sana. Nendeni." Puku, puku, puku. Nyam, nyam, nyam.

Wakuu kuona hivyo, wakaanza kuaga wenyewe. Twiga akasema, "Naenda kukaa na familia." Kobe akasema, "Nami naenda kukaa na familia." Kobe huyo ana miaka themanini na hana hata binamu!

Akabaki Nguchiro.

"Wewe nakuacha hadi Ijumaa," Fisi akamwambia. "Mama Faru anakuja kujaribu gari. Akilipenda, atachukua arobaini. Akishaondoka, na wewe nakupenda sana."

Nguchiro ana watoto sita shimoni, na moyoni ana nyumbu mia. Akajikuna sikio. "Sawa, Mzee. Basi nikukabidhi kazi yangu. Kuna waya..."

"Waya wa nini! Gari la umeme linajijua lenyewe!"

"Mzee, kuna waya..."

"Kazi ya waya nimeifuta!"

Mwenye kiwanda kasema. Jioni ile waya haukuburutwa. Nguchiro akapita kwa nyumbu mmoja mmoja, na kwa Twiga na Kobe, akiwanong'oneza: "Ijumaa mkae nyuma ya kilima. Njooni na njaa."

Ijumaa Mama Faru akaja, akakijaza kiti cha nyuma chote. Nguchiro akashika usukani, Fisi pembeni yake. Chaji ya juzi ikawafikisha mguuni mwa kilima, ikakata. Kimya.

"Unasikia, Mama?" Fisi akatamba. "Halina kelele hata chembe!"

"Nasikia. Ila ule mchongoma nauona ule ule."

"Ndiyo raha yake. Limetulia."

"Na yule konokono ametupita."

Nguchiro akamnong'oneza Fisi: "Mzee, shuka ulisukume kidogo, liamke. Konokono wa pili akipita, mama huyu anaondoka."

Fisi akashuka, akazunguka nyuma. Puh! Puh! Puh! Gari likapanda.

"Sasa linakwenda!" Mama Faru akafurahi. "Lakini nyuma kuna kitu kinahema."

"Hiyo mota, Mama," akajibu Nguchiro. "Nzuri, ila inakula sana. Sahani mia kwa siku."

Katikati ya kilima, nguvu zikamwishia Fisi. Gari likamrudia.

"Nguchiro! Breki!"

"Kobe aliondoka kabla hajaifunga, Mzee. Niite watu?"

"Ita!"

"Watu gani? Uliwapenda sana wakaenda."

"Ita wote!"

"Na sahani zao?"

Gari likarudi hatua moja.

"Na sahani zaooo!"

Nguchiro akapiga honi. Pii! pii! Nyumbu mia wakamiminika kutoka kileleni, puku, puku, puku, wakalidaka gari, wakalipandisha kwa wimbo. Nyuma yao Twiga, na wa mwisho kabisa Kobe, breki mgongoni.

Mama Faru akawatazama hadi wimbo ukaisha. "Gari bado silijui," akasema. "Lakini watu hawa nimewaona. Nitachukua arobaini, wakiyaunga hawa hawa."

Saa sita kengele ikalia, ngo! ngo! ngo! Sahani zote zikajaa, na Nguchiro akala ya kwanza. Fisi akapata moja. Hadi leo kiuno chake kiko chini: hapo ndipo gari lilipomlemea.

Funzo: mtiini mkubwa wenu wa kazi neno kwa neno, kama Nguchiro. Na mtu akidanganywa na gari lisilo na sauti, asilaumiwe, asamehewe. Ngano yangu imefika, nani anaipokea?

"Sisi!" ua mzima ukaitika.

Shangazi Siwatu hakuitika. "Huyo aliyedanganywa na gari," akauliza, "ni Nguchiro au Fisi?"

"Fisi, shangazi."

"Basi Fisi, shika jembe."