Jicho Halipimi Damu

Jicho halipimi damu. Mmeusikia msemo huu arusini jana, wanangu, mkacheka, na leo mnaniuliza umetoka wapi. Ulizaliwa Muheza, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na fundi cherehani aitwaye Mwajabu, msichana wa miaka ishirini na minne, mchumba wa Semboja, mpakiaji wa machungwa. Semboja alikuwa kijana wa miraba minne, hata mafua hayakumjua. Lakini tangu mwanzo Mwajabu alimwambia kwamba bila kondomu hakuna jambo, na kwamba kabla ya ndoa watapima wote wawili. Mashoga zake wakambeza: mwanamume mwenye siha kama yule, unampima nini? Semboja mwenyewe alinuna, akiona anashukiwa, ila alimpenda, akakubali.

Wakaenda zahanati. Mwajabu aliingia hana wasiwasi na nafsi yake. Hofu yote ilikuwa juu ya mchumba. Muuguzi akawaita mmoja mmoja. Semboja alikuwa salama. Mwajabu hakuwa na virusi vya ukimwi, lakini alikuwa na kaswende.

Hakuwahi kuona kidonda wala upele. Akamkumbuka mpenzi wake wa zamani, mtu mpole, mtanashati, ambaye yeye hakuwahi kumtilia shaka hata kidogo.

“Inatibika kwa sindano,” muuguzi alimwambia. “Na umewahi, hujashika mimba bado, maana ugonjwa huu humdhuru mtoto tumboni. Mwenzio mwambie mwenyewe.”

Alimwambia palepale nje, macho chini, akingoja aachwe.

“Ungejuaje?” Semboja akauliza.

“Nisingejua. Nilikuwa nakuchunguza wewe, na kila asubuhi najitazama kwenye kioo, najiona mzima. Jicho halipimi damu, Semboja.”

Mwajabu akachomwa sindano. Akampigia simu yule mpenzi wa zamani ili naye akapime; alitukanwa, akavumilia. Arusi ikaahirishwa, kondomu zikaendelea, mpaka vipimo vya marudio vikaonyesha dawa imefanya kazi na Semboja bado ni salama. Ndipo wakaoana.

Wale mashoga, Mwajabu alipowasimulia, walikwenda zahanati kila mmoja kwa wakati wake, kimyakimya, na maneno ya Mwajabu wakaanza kuwaambia wadogo zao. Ndivyo yalivyotufikia sisi. Kwa hiyo mkimsifu mtu kwa afya yake, msifuni, lakini mkapime naye: jicho halipimi damu, hata iwe yako mwenyewe.