Kikapu cha Zaina na Jina la Mtoto

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu ambayo nanyi mnaikumbuka, amri ilitoka kwamba mifuko ya rambo, ile ya plastiki, ni marufuku. Anayekwenda dukani aende na chombo chake. Wapo walioshona mifuko ya vitambaa, wapo waliofua viroba vya unga, na wapo waliovirudia vikapu vya ukindu vilivyokuwa vimesahauliwa darini.

Katika mji mmoja mdogo chini ya milima ya Usambara aliishi mwanamke akiitwa Zaina, mke wa Mhina. Zaina alikuwa na mimba kubwa. Mimba zilizotangulia zote ziliharibika, hii ndiyo ya kwanza kufika hapo, kwa hiyo aliishi kwa hofu. Akipiga chafya, anaogopa. Mtoto akitulia tumboni, anaogopa. Mtoto akicheza sana, anaogopa. Nyumba nzima ilitembea kwa kunyata kwa ajili ya tumbo lile.

Humo ndani walikaa na wifi yake, Kidawa, mdogo wake Mhina. Kidawa alikuwa msichana mchapakazi, ila akiogopa mno kugombezwa. Na kikapu cha nyumba kilikuwa kimoja tu, kirefu, cha ukindu, alichokisuka mama mkwe kwa mkono wake. Cha shamba ni hicho, cha dukani ni hicho.

Jioni moja Kidawa alirudi shamba na kikapu kimejaa mihogo. Akaitoa mihogo, majani makavu akayaacha humo humo, akakiweka kikapu juu ya rundo la kuni nyuma ya jiko. Alipoinama kuvuta ukuni, akamwona. Swila! Mweusi, mnene kama mpini wa jembe, kajikunja katikati ya magogo. Kidawa alitaka kupiga ukelele, sauti haikutoka. Akaokota fito, akapiga kuni, akapiga tena. Alipotazama, nyoka hayupo.

Kaenda wapi? Kidawa akajiambia kaenda kichakani. Alijua kwamba akisema, kaka yake atamuuliza, "Si nilikwambia uzihamishe kuni zile?" Na hakuwa amezihamisha. Basi akanyamaza. Akala, akalala.

Asubuhi Kidawa alikwenda bombani kuteka maji. Zaina akataka sukari na mchele, akazunguka nyuma ya jiko, akakichukua kikapu. Akakiona kizito kidogo. "Kidawa huyu," akasema moyoni, "kaacha mihogo tena." Akakipachika mkononi, akashika njia.

Duka lilikuwa la Bi Tunu, mjane asiyejaliwa mtoto. Magunia ya mchele na maharage yamefunguliwa midomo, mafuta ya kupima yako kwenye pipa, na mlango ni mmoja. Asubuhi ile watu walijaa tele, na kila mtu na mfuko wake mkononi.

Miongoni mwao alikuwamo Mwajabu, jirani yake Zaina, amekuja na binti yake Pili aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mwajabu na Zaina walikuwa hawasalimiani. Kuku wa Zaina waliwahi kula mpunga wa Mwajabu ulioanikwa mkekani, yakatoka maneno, na katika maneno hayo Mwajabu akasema, "Ndiyo maana Mungu hakupi mtoto!" Tangu siku hiyo Zaina akimwona, hupita upande wa pili wa njia. Safari hii hapakuwa na upande wa pili. Akatazama chini, na pale chini akamwona Pili ameketi karibu na miguu yake, anaokota maharage yaliyomwagika.

Zaina alichoka kusimama. Akakileta kikapu mbele, akakiegemeza juu ya tumbo, akakikumbatia kwa mikono miwili.

Mtoto akacheza. Zaina akatabasamu. "Alhamdulillahi," akanong'ona.

Akacheza tena, taratibu, kama anayejinyoosha. Na hapo tabasamu likamkauka Zaina. Mtoto wake akicheza humpiga ndani, chini ya mbavu. Hiki kilichocheza kilikuwa nje. Kilikuwa ndani ya kikapu, na kilikuwa kinapanda.

Hakuweza kuita. Alisimama tu, jasho linamtiririka mgongoni, na watu wanazungumza bei ya mafuta pembeni yake.

Kufumba na kufumbua, Kidawa akatokea mlangoni, peku, khanga imemvuka kichwani, anahema. Alirudi kutoka bombani, akatazama juu ya kuni, akaona kikapu hakipo, na papo hapo akaelewa kwamba swila hakwenda kichakani.

"Wifi! Wifi, usitie mkono kikapuni! Mna nyoka! Mna swila, nilimwona jana!"

Jamani, mmewahi kuona mbuzi wakitoka zizini chui akiwa ndani? Watu walisukumana, walikanyagana, mafuta yakamwagika, mtu akapita juu ya meza ya duka kama anaruka mtaro. Mwajabu alikuwa karibu na mlango, wimbi la watu likamchukua likamtupa nje. Kidawa naye likamrudisha nyuma mpaka barabarani. Ndani wakabaki watu watatu: Zaina na kikapu chake, Pili na maharage yake, na Bi Tunu nyuma ya meza.

Zaina akainua mikono akitupe kikapu.

"Usikitupe!" Bi Tunu akasema. Hakupiga kelele. "Mwanangu, kuna mtoto miguuni pako. Ukikitupa kitamwangukia. Nitazame mimi. Usitazame kikapu, nitazame mimi."

Zaina akamtazama.

"Vuta pumzi. Usitikisike. Nakuja."

Bi Tunu alikuwa na njia ya kutokea, mlango mdogo wa stoo nyuma yake. Hakuutumia. Alizunguka meza polepole, huku anasema naye kama anayembembeleza mtoto mchanga, "Vivyo hivyo, mama. Vivyo hivyo." Akafika. Akapitisha mikono yake chini ya kikapu, akaubeba uzito wote, akaanza kukiondoa juu ya tumbo la Zaina, kidogo kidogo.

Kisha majani makavu yakafunguka, na kichwa kikatokeza.

Shingo ilitanuka. Ulimi ukaingia, ukatoka. Kichwa kilikuwa karibu na uso wa Zaina, karibu kiasi kwamba alihisi ataiona sura yake machoni mwa nyoka. Bi Tunu akapiga yowe, mikono yake ikaachia, akarudi nyuma akaangukia gunia la mchele. Kikapu kikabaki tena mikononi mwa Zaina, ambaye hakuwa amekiachia.

Hapo ndipo Mwajabu alipoingia. Aliwapiga watu viwiko mlangoni, akapita, anaita, "Pili! Pili!" Alipomwona mwanawe chini na kile kichwa juu, hakusimama kufikiri. Akavua khanga yake, akaitupa juu ya mdomo wa kikapu, akaifumbata kwa mikono yote miwili, akakaza. Swila akauma kupitia khanga. Mwajabu akaguna, hakuachia. Akakipokonya kikapu kifuani mwa Zaina, akatoka nacho mbio mpaka kwenye shimo la taka, akakitupa, na wanaume ambao muda wote walikuwa wamesimama mbali wakaja na mawe.

Nyoka akafa. Mwajabu akaketi chini pale pale, akautazama mkono wake, akasema, "Mchukueni mtoto wangu."

Walimpakia kwenye pikipiki, mtu mbele na mtu nyuma wa kumshikilia. Na Zaina, aliyekuwa bado amesimama dukani mikono imekumbatia hewa, alihisi maji ya moto yakimshuka miguuni. Uchungu umemwanza, na siku zake zilikuwa hazijatimia.

Hospitali ikawapokea wote wawili. Mwajabu akawekwa upande mmoja wa ukuta, Zaina upande wa pili. Zaina alimsikia jirani yake akilia kwamba mkono unawaka moto. Alisikia wauguzi wakiulizana kama dawa ya sumu ipo ya kutosha. Kisha akasikia kimya, na kimya kile kilimtisha kuliko kilio. Naye uchungu ulimbana, ukamwachia, ukambana. Katikati ya hofu hiyo akaweka nadhiri, mama mkwe wake aliyekuja kumuuguza anasikia, "Ewe Mola, mtoto huyu akitoka hai na yule wa ng'ambo ya ukuta akiamka hai, nitampa mtoto jina la aliyetuokoa."

Mtoto akatoka. Hakulia. Mkunga akampangusa, akampuliza, akampigapiga nyayo. Hakulia. Mama mkwe akajifunika uso. Ndipo ikatoka sauti nyembamba kama ya kifaranga, na Zaina akalia kwa niaba ya wote. Alikuwa mtoto wa kike, mdogo mno, wa kulazwa kwenye pamba.

Na Mwajabu akaamka. Ila kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimeoza, wakakikata.

Ikafika siku ya kumpa mtoto jina. Ubani umefukizwa, shehe amekaa, majirani wamejaa sebuleni. Mtoto alikuwa bado dhaifu, usiku hunyonya kidogo na kusinzia, na Zaina hakuwa amelala usingizi wa maana tangu ajifungue. Mama mkwe alikuwa amemwonya, "Nadhiri haichezewi, mwanangu. Ulitaja aliyekuokoa. Ukikosea ukampa mwingine, hujatimiza."

Mhina akasema, "Jina ni la dada yangu, Kidawa. Asingekuja, mke wangu angetia mkono kikapuni, tungezika wawili."

Mwajabu akadakia, mkono wake umefungwa bendeji. "Kidawa? Si ndiye aliyemwona nyoka jana yake akafunga mdomo? Aliyekuletea moto nyumbani ndiye unayemshukuru kwa kupiga kelele za moto?"

Kidawa alikuwa ameketi karibu na mlango. Machozi yalimtoka, lakini alisema. "Ni kweli, da' Mwajabu. Kosa ni langu, na sitalikataa. Lakini ningenyamaza asubuhi ile, hakuna mtu duniani angejua kwamba nilimwona. Nilikimbia huku najua kwamba nikifungua mdomo nimejimaliza. Tangu siku ile kaka alikuwa hasemi nami, leo ndiyo kwanza nasikia akinitaja. Niliogopa kugombezwa maisha yangu yote, na nilikimbia."

Akajipangusa machozi kwa ncha ya khanga.

Bi Tunu akakohoa. "Mimi sina mtoto. Nikifa, jina langu linakwenda nami kaburini, kwa hiyo nasema kwa tamaa, sifichi. Kelele za Kidawa ziliwafukuza watu, hazikumtoa nyoka. Zaina alikuwa anakitupa kikapu. Angekitupa, swila angemshukia Pili na yeye mwenyewe. Ni nani aliyemtuliza? Mlango wa kukimbilia ulikuwa nyuma yangu, na sikupita."

"Lakini uliachia," akasema Mwajabu. "Kichwa kilipotokeza, Bi Tunu, uliachia."

"Niliachia," akasema Bi Tunu, akainamisha uso. "Kila nikifumba macho nakiona kichwa kile, na naona mikono yangu inavyoachia."

Watu wakamgeukia Mwajabu. "Basi ni wewe."

Mwajabu akaufungua mkono wake, akauonyesha, na wanawake wengine wakatazama pembeni. "Kidole kilichokwenda ni changu," akasema. "Siwezi kushika jembe wala kumenya muhogo. Kama jina lina mwenyewe, mwenyewe ni huyu. Lakini Zaina, sitakudanganya mbele ya mtoto huyu. Sikuingia kwa ajili yako. Nilimfuata Pili. Angekuwa mikononi mwangu siku ile, sijui kama ningerudi ndani. Na lile neno nililokuambia la kwamba Mungu hakupi, sikuwa nimelifuta moyoni. Leo ndiyo nalifuta."

Zaina akamtazama Kidawa, aliyeleta hatari na kuleta onyo. Akamtazama Bi Tunu, aliyebaki na kisha akaachia. Akamtazama Mwajabu, aliyetoa mwili wake, ila hakuutoa kwa ajili yake. Mtoto akasinzia mapajani, kifua kinapanda na kushuka kwa shida, na Zaina akahesabu kila pumzi akiogopa kwamba inayofuata haitakuja.

"Mama mtoto," shehe akasema kwa upole, "tunasubiri."

Nami nasubiri, nyie mliokaa kunisikiliza. Zaina amefungua mdomo, jina halijatoka. Kidawa, Bi Tunu, au Mwajabu? Je, ni nani aliyemwokoa, na mtoto yule aitwe nani?