Mwasisi wa Mfereji wa Jembemoja

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanaitisha vikao, palikuwa na mji mdogo wa wakulima ulioitwa Jembemoja. Kuuita mji kulihitaji moyo. Ulikuwa na mfereji mmoja, mashine moja ya kusaga iliyosaga siku ilipojisikia, na wenyeji walioweza kujadili urefu wa ua wa mbuzi mpaka mbuzi wenyewe wakatoroka.

Mwaka huo mvua zikakataa. Maji ya mfereji yakapungua, yakawa yanatosha shamba moja tu kwa siku. Sungura, aliyekuwa katibu wa mji kwa sababu ndiye aliyekuwa na kalamu, alilima maharage mwisho kabisa wa mfereji. Zamu yake ilikuwa bado siku kumi na moja. Kila asubuhi aliyatazama majani yakijikunja na roho ikamuuma, maana watoto wake sita hawakuwa na chakula kingine cha kutegemea.

Kulikuwa na desturi: mwaka wa ukame, ukoo wa aliyechimba mfereji humwagilia kwanza, siku kumi mfululizo. Tabu ni kwamba hakuna aliyekuwa na uhakika nani alichimba. Watu wa Jembemoja walikumbuka vizuri nani hakuhudhuria msiba wa nani, lakini hilo liliwapita.

"Katibu, andika historia yetu," aliagiza Simba, mwenyekiti. "Uisome Ijumaa. Na ukoo wangu usiusahau."

Sungura hakuiacha nafasi hiyo impite. Akaandika kwamba mchimbaji alikuwa babu yake mwenyewe. Lakini aliwajua majirani zake. Wasingekubali sifa zote ziende nyumba moja. Kwa hiyo akamkatia kila mmoja kipande chake.

"Babu Sungura alichimba kwa makucha siku arobaini," alisoma Ijumaa bila kupepesa macho. "Babu Simba alisimama ukingoni akinguruma ili udongo ulainike."

"Kweli tupu!" alisema Simba. "Hata marehemu baba alinisimulia."

"Babu Fisi alionja chakula cha wachimbaji, kisije kikawa na sumu."

Fisi akasimama. "Alionja sufuria ngapi?"

"Mbili."

"Andika sita, Katibu. Tusimdhalilishe marehemu."

Zikaandikwa sita. Makofi yakapigwa, kikao kikafungwa, na maji yakaelekezwa kwa Sungura. Kwa siku nne maharage yakanyanyua vichwa, naye akatembea mjini kama aliyemzaa babu yake. Siku ya tano maji yakakatika.

Akapanda mbio hadi kwenye banio, pale maji yanapouacha mto na kuingia mferejini. Lilikuwa limejaa mchanga na matope. Jirani na hapo, Kobe alikuwa mlangoni kwake akimenya mihogo.

"Shikamoo, Mzee Kobe. Banio limeziba!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Huziba kila wiki. Nimelizibua miaka thelathini."

"Wewe? Nani alikutuma?"

"Desturi. Ukoo wa mchimbaji ndio unaozibua."

"Mbona hukusema kikaoni?"

"Nilikuwa nanyanyua mkono, mkafunga kikao. Nilipofika nyumbani, mgongo ukaniambia niushushe mkono." Kobe akaingia ndani taratibu, akatoka na jembe lililolainika mpini. "Hili hapa. Uniwie radhi kwa kukushikia kazi yako siku zote hizo."

Sungura alichimba siku tatu. Kila alichotoa kilirudi, na matope yakamfika masikioni. Huko chini maharage yakakauka mpaka mizizi. Siku ya nne akaitisha kikao, akalia mbele ya watu wazima.

"Nilidanganya. Mchimbaji ni babu yake Mzee Kobe. Ifuteni historia hiyo."

"Yaani babu yangu hakunguruma?" aliuliza Simba.

"Hakunguruma."

"Na zile sufuria sita?" aliuliza Fisi, machozi yakimlengalenga.

"Hata moja."

Simba akakohoa, akataka wanaotaka historia ibaki ilivyo wanyooshe mikono. Mikono yote ikapanda, na safari hii wa kwanza kupanda ulikuwa wa Kobe.

Jumanne iliyofuata mvua ikanyesha. Haki ya kumwagilia kwanza ikaisha hapohapo, kwa kuwa ni ya mwaka wa ukame tu. Kuzibua ni kwa miaka yote. Jioni ile Kobe alipeleka tenga la mihogo nyumbani kwa Sungura, akisema watoto hawakuandika kitu chochote.

Hadi leo mgeni akipita Jembemoja, wenyeji humpeleka kwenye banio kwa fahari. "Yule pale ni mjukuu wa mwasisi," humwambia. Naye Sungura, masikio yakichuruzika matope, huinua jembe na kuitikia salamu.